Barcelona Ambayo Padri Aliiruka

Doonside, Sydney
11 Februari 2024

Kwa mdogo wangu mpenzi Katembo,

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko huu, maana mkono wa kulia umeanza kutetemeka na daktari asema hautaacha. Naomba radhi pia kwa ukimya wangu tangu Noeli. Bahasha yako niliyoletewa na yule shemasi aliyepitia Kampala ilinifikia salama, lakini nimekaa nayo siku nyingi nikitafuta namna ya kuanza. Ulisema tusizungumze mambo ya maana kwenye simu, kwa kuwa huko uliko simu yako inasikilizwa. Nimekuelewa, na kwa kweli mimi mtu wa kalamu sikusikitika.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mwanangu Faida bado anafanya kazi Wetherill Park, katika ghala la vipuri vya magari, na huondoka kabla jua halijatoka. Bintiye Bénie ameingia sekondari. Namsalimu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana kuliko watu wengi wanaosema lugha moja. Joto ni kali. Marehemu Masika wangu angalikuwapo angesema jua la nchi hii halikulelewa.

Nimepewa msaidizi wa nyumbani, mama mmoja wa kutoka kwetu, jina lake Emérance. Huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akanisaidia kuoga, akanipangia dawa katika vile visanduku vya siku. Siku ya kwanza niliona haya mno, nikamwomba radhi kila alipogusa sabuni. Akaniambia, "Baba, mimi nimewaogesha Wazungu wa miaka tisini na mitano wanaonipiga ngumi. Wewe wa kuomba radhi utanishinda nini?" Nikamwomba radhi kwa kuomba radhi. Alicheka mpaka akaketi juu ya ukingo wa beseni.

Sasa habari itakayokufurahisha. Wazee wa parokia hapa Blacktown wamenitaka niandike jambo la elimu, tuwe tunasomeana baada ya misa. Nimechagua maisha ya Jenerali Espartero wa Hispania. Unamkumbuka Padri Eusebio alivyotufundisha pale misheni ya Mulinga? Alitoka Logroño, mji ambako jenerali huyo alizeeka na kuzikwa, na sisi tukayajua maisha ya Mhispania kabla ya kuyajua ya machifu wetu. Nimeanza hivi: Baldomero Espartero alizaliwa mwaka 1793, mtoto wa mwisho wa fundi wa mikokoteni. Wazazi walimpeleka kwa watawa ili awe padri, lakini Wafaransa walipoivamia nchi akaviacha vitabu akashika bunduki. Nimefika pale Luchana, mkesha wa Noeli wa mwaka 1836, theluji ikianguka, yeye akiwa mgonjwa kitandani. Akaamka na homa yake, akapanda farasi, akaifungua njia ya kuingia Bilbao iliyokuwa imezingirwa.

Wewe ndiwe uliyekuwa ukiuigiza mkesha huo juu ya benchi la darasa, mpaka benchi likavunjika na baba akakuchapa. Wenzako wakakuita Espartero tangu siku hiyo. Nami nilijivuna, ingawa sikukuambia.

Katika bahasha ulitaja "jambo dogo" utakaloniomba. Liandike bila kusita. Kati ya watoto watano wa baba tumebaki wawili.

Kaka yako,
Gratien Kambale


Kampala
3 Aprili 2024

Yaya Gratien, kaka yangu mkubwa,

Nimepokea barua yako nikaisoma nimesimama, kama tulivyofundishwa kumsikiliza mkubwa anapozungumza. Mke wangu anakuamkia. Sukari imenipanda, mguu wa kushoto hauna hisia chini ya goti, na daktari wa hapa huuangalia kama fundi anayeangalia gari la mtu asiye na haraka. Watoto wawili wa mwisho wako nami. Nyumba ina lango la chuma, nami hulifunga mwenyewe.

Jambo lenyewe ndilo hili. Ofisi inayoshughulikia ombi langu la kuja Australia kwa ukimbizi imenirudishia faili na swali moja tu. Wanataka kujua nilikuwa wapi Ijumaa, tarehe 14 Juni 2002. Wewe unajua siku hiyo ni siku gani. Ndiyo siku uliyomzika shemeji Masika. Daftari la matanga uliliandika wewe mwenyewe, kwa mwandiko uliosifiwa hata na mapadri, na katika ukurasa wa maziko jina langu ni la kwanza. Faida aliniambia zamani kwamba umelihifadhi pamoja na rozari ya marehemu.

Naomba vitu viwili. Nakala ya ukurasa huo, na tamko lako la kiapo, kwamba nilikuwa kando yako tangu asubuhi hadi jioni. Wewe ni mzee, mkristo, raia wa nchi hiyo, hujawahi kushika hata kisu cha mtu. Neno lako litatosha.

Tena, ukipata nafasi, niandikie na mimi kurasa mbili tatu kama unavyomwandikia Espartero. Mtoto wa fundi seremala wa misheni, kanali, jenerali, kisha waziri wa jimbo aliyejenga barabara na shule kumi na moja. Usisahau lile kumbatio! Padri alilisimulia mara ngapi? Espartero na adui yake Maroto, mwaka 1839, pale Vergara, majeshi mawili yakitazama, wanakumbatiana, na vita vya miaka sita kule kaskazini vinaisha. Mimi nami nilimkumbatia adui yangu mbele ya watu uwanjani mwaka 2006. Wanawake walilia. Hayo yaandike.

Serikali ya nyumbani inaomba nirudishwe. Wanasema ni kwa mazungumzo tu. Mimi nimekuwa waziri, najua mazungumzo hayo hufanyikia wapi.

Mdogo wako,
Jenerali mstaafu Égide Katembo


Doonside
19 Juni 2024

Mdogo wangu Katembo,

Unisamehe miezi hii miwili. Ningeweza kusema nilikuwa na kikohozi, na kweli nilikuwa nacho, lakini kikohozi kiliisha Mei.

Nasikitika kwa habari za mguu wako. Kunywa maji, usitembee bila viatu hata ndani ya nyumba. Faida anakusalimu. Bénie ameanza kuvaa miwani na anafanana sana na mama yetu, ukiondoa Kiingereza. Hapa baridi imeingia, nami huvaa makoti mawili nikikaa jikoni. Ijumaa iliyopita tulimwombea Masika misa, miaka ishirini na miwili.

Nimeendelea na Jenerali. Daftari langu la shule halikunitosha, hivyo nilikwenda maktaba ya Blacktown, nao wakaniagizia kitabu kinene cha Kiingereza. Nimekisoma kwa kamusi, kurasa nne kwa siku. Kumbatio limo, kama Padri alivyosema. Limo pia lile ulilolipenda, kwamba alipanda mpaka akakalia utawala wa nchi nzima kwa niaba ya malkia aliyekuwa bado mtoto. Lakini baada ya hapo nikakuta sura ambayo wewe na mimi hatukufundishwa. Unakumbuka Padri alivyokuwa akisema? "Kisha kukatokea matatizo kidogo, na Jenerali akaenda kukaa Uingereza." Sentensi moja. Nasi tuliandika sentensi hiyo kwa wino na kupiga mstari.

Matatizo yenyewe ni haya. Mwezi wa Novemba 1842 mji wa Barcelona uliasi. Tarehe tatu Desemba Jenerali akaamuru upigwe mizinga kutoka ngome ya Montjuïc iliyo kilimani juu ya mji. Makombora zaidi ya elfu moja yaliangushwa juu ya nyumba zenye watu ndani. Zaidi ya nyumba mia nne zikaharibika. Kisha wakaja wa kupigwa risasi kwa hukumu. Huyu ndiye yule aliyekuwa na homa katika theluji, Katembo. Mtu yuleyule. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi nikitafuta mahali alipobadilika, sikupaona.

Naomba radhi kwa kukueleza jambo jingine lisilopendeza. Ijumaa moja Emérance alikuwa akinikata kucha za miguu, karatasi zangu ziko mezani. Akaniuliza, "Baba, huyo jenerali wako alikufa vipi?"

"Kitandani mwake," nikamwambia, "mzee wa miaka themanini na mitano, miezi saba tangu afiwe na mkewe."

"Wao hufa kitandani. Wangu alifia ghalani."

"Wako nani, mama?"

"Salvator, mume wangu. Alikuwa mwalimu pale Kisalala. Waliwafungia ndani ya ghala la kahawa watu thelathini na saba, wakawasha. Hukusikia habari hizo?"

Nikajibu kwamba nilizisikia. Akauliza siku hiyo mimi nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa namzika mke wangu. Aliweka mkasi chini. Akashika mguu wangu kwa mikono yote miwili, akasema, "Pole, Baba. Basi siku yetu ni moja." Tangu hapo, kila Ijumaa hukaa dakika kumi zaidi ya saa zake, na wala haziandiki.

Hajui mimi ni ndugu wa nani. Sikumwambia.

Kuhusu daftari: lipo. Wewe na mimi tunajua jina lile lilivyoingia katika ukurasa ule. Kwetu, mume akishatupa udongo, nduguye ndiye anayefuata, na asipoonekana wazee husema alikuwa na neno na marehemu, na haruhusiwi tena kula katika nyumba hiyo. Sikutaka wakuseme. Walikuulizia mara tatu pale kaburini, "Katembo yuko wapi?" Nikasema umefika alfajiri na umeitwa kazini. Kisha nikaketi nikakuandika wa kwanza. Sikuuliza umeitwa kazi gani.

Nakuuliza sasa, nikiomba radhi kwa kuchelewa.

Gratien


Kampala
30 Julai 2024

Yaya,

Mke wangu anakusalimu. Mimi sina salamu ndefu leo.

Nilikuomba ukurasa mmoja na sahihi moja. Umeniletea Barcelona. Padri Eusebio alikuwa na akili ya kuruka kurasa, nawe uliyekuwa wa kwanza darasani ungejifunza hilo kwake. Kama Barcelona ingeachwa iasi, miji mingapi ingefuata? Kitabu chako kinene kinasema? Ninyi wa kalamu hufika mambo yakishapoa, mkahesabu nyumba.

Nilikuja siku ya nne, ni kweli. Nilikuta jina langu limeandikwa, na wino umekauka. Sikukuomba uniandike. Ulifanya hivyo kwa heshima yako na ya nyumba ya baba yetu, nami nilikushukuru kwa macho, na wewe ukanipa kiti cha ndugu wa mfiwa, nikala. Miaka ishirini na miwili jina hilo halikukuwasha. Sasa mwanamke wa kukukata kucha amesema neno, unataka kulifuta?

Kumbuka na mengine basi. Septemba ile, barabara zote zilipofungwa, nani alileta lori la jeshi mbele ya nyumba yako? Nani aliwapandisha wewe na Faida na magodoro yenu, na kuwavusha mpaka bila mtu kuwagusa? Jirani zako waliobaki wako wapi leo? Faida yuko hai. Ana mtoto wa miwani. Hayo nayo yaliandikwa na mimi.

Jibu la ofisi linatakiwa kabla ya mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo faili linafungwa, na lango langu la chuma litafunguliwa kutoka nje.

Katembo


Doonside
2 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Huna salamu ndefu, lakini mimi bado ninazo, uzivumilie. Miti ya mtaani imeanza kutoa maua. Kikohozi kimerudi. Faida amepewa zamu ya Jumamosi.

Yote uliyosema kuhusu lori ni kweli. Sijapata kuyasahau, na kama niliwahi kukushukuru kwa maneno machache ilikuwa kwa sababu makubwa yalinishinda. Nilimwonyesha Faida barua yako, kwa kuwa ilimtaja. Alikuwa bado na viatu vya kazini.

"Baba, saini," akasema.

"Faida, hakuwepo."

"Najua hakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikipika, unadhani sikuhesabu sahani? Saini."

"Ni kiapo, mwanangu."

"Na lile daftari lilikuwa nini? Uliandika uongo udongo wa kaburi la mama ukiwa bado mbichi, na mkono wako haukutetemeka. Wale wa Kisalala wamekufa, Baba. Baba mdogo yu hai. Bila yeye mimi nisingekuwa nimesimama hapa nikigombana na wewe."

"Na Emérance?"

"Emérance hatajua. Nani atamwambia?"

"Atakuja kesho saa tatu kunivua shati."

Faida akatoka, akaufunga mlango pole pole, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kuubamiza.

Nilikwenda maktaba. Pale siku fulani za wiki hukaa mzee wa kujitolea mwenye mhuri, ambaye kazi yake ni kushuhudia viapo vya watu. Nilikuwa na tamko lako tayari, nimeliandika kwa Kiingereza kama ulivyotaka, tangu asubuhi hadi jioni. Mbele yangu walikuwa watu watatu. Zamu yangu ilipofika yule mzee akasema, "Ndiyo bwana, nikusaidie nini?" Nikamwomba radhi, nikamwambia nimesahau miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Jenerali amefika mahali pabaya. Julai 1843 wote waliompigia makofi wamemgeuka, naye anaingizwa katika meli ya Waingereza kwenye ghuba ya Cádiz, na mkewe Jacinta pamoja naye. Watu wa Barcelona hawakuwa wamesahau. Nimeandika sehemu hiyo nikiwaza habari zako, nawe usinikasirikie.

Katembo, nina swali moja, sitaongeza la pili. Mlango wa ghala la Kisalala ulifungwa kwa amri yako? Ukiniandikia kwamba hapana, nitakuamini, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na hujawahi kunidanganya uso kwa uso. Nitakwenda siku hiyo hiyo, na nitasaini nikiwa na miwani. Sitataka ushahidi. Nataka neno lako tu.

Gratien


Kampala
5 Oktoba 2024

Yaya Gratien,

Natumaini kikohozi kimepungua. Hapa mvua zimeanza. Madaktari wanazungumzia kuukata mguu, nami nimewaambia wasubiri nijue nitauzika nchi gani.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Ingekuwa rahisi kuandika neno moja. Nililiandika. Niliandika karatasi nne zenye neno hilo hilo, kwa kalamu nzuri, na nikazichana zote nne. Sijui kwa nini. Nimesema neno hilo mbele ya tume, mbele ya askofu, mbele ya waandishi wa habari waliotoka Ulaya, na halikunikwama. Huenda ni kwa sababu ulisema utaniamini.

Swali la mlango sitalijibu. Nitakueleza nilikokuwa baadaye. Ijumaa hiyo jioni mjumbe alinifikia akaniambia shemeji ameshazikwa. Nilikuwa mtoni, chini ya daraja. Nilikaa mtoni siku tatu. Nilifua sare yangu mwenyewe, mimi kanali, kwa sabuni ya mche, na ikikauka naiona bado chafu, nairudisha majini. Vijana wangu walinitazama. Nilijiambia siwezi kwenda kwa Masika na harufu ile. Alikuwa akinipikia ugali wa mhogo nilipokuwa luteni asiye na kitu. Siku ya nne harufu ilikuwa bado ipo, lakini nikaja, maana kutokuja kabisa kungeleta maneno.

Nikakuta umeniandika. Niliposoma jina langu nililia, na mama zetu wakanishika mabega wakisema, tazameni alivyompenda shemeji yake. Sikuwakatiza.

Hayo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Sasa unayo kwenye karatasi, yenye mwandiko wangu. Fanya utakalo, Yaya. Lakini ukiamua kusaini, usinieleze kwa nini, na ukiamua kutosaini, usinieleze kwa nini.

Tarehe ya mwisho ni thelathini na moja.

Katembo


Doonside
9 Novemba 2024

Mdogo wangu Katembo,

Najua kwamba barua hii huenda isikukute langoni kwako. Nimempa dada mmoja wa kanisani anayesafiri, na nimemwambia akikukosa ampe mkeo mkononi. Mkeo nampa pole ambayo sijui kuiandika. Mguu wako naufikiria kila ninapovaa soksi.

Hukutaka nieleze kwa nini. Nitakutii kwa kadiri niwezavyo, na nitakueleza tu yaliyotendeka, kwa kuwa una haki ya kuyasikia kwangu.

Nilianza na Emérance. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Jumatatu tarehe 21 Oktoba alipofika nilimwomba aketi. Hakuketi, alidhani ni mambo ya dawa. Nikamwambia, "Kanali aliyekuwa Kisalala, Égide Katembo, ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Akasimama na taulo mkononi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponiambia habari za Salvator. Na kabla ya hapo nilikuwa najua bila kuuliza."

"Mimi nimekukata kucha tangu Januari."

"Ndiyo. Naomba—"

"Usiniombe radhi! Unaomba radhi kwa sabuni, unaomba radhi kwa mvua, unamwomba radhi hata paka wa jirani. Hili usiniombee. Linyamazie hivyo hivyo."

Akanisaidia kuvaa, kwa sababu nilikuwa nusu uchi na kulikuwa na upepo. Alipanga dawa katika visanduku mpaka Jumapili, akivihesabu kwa sauti. Kisha akaniuliza ni ofisi gani inayoshughulikia faili lako, nami nikamwandikia anwani. Mlangoni akasema atawaambia wanitafutie mtu mwingine, na kwamba sitakaa bila kuogeshwa zaidi ya siku mbili. Alitimiza. Siku ya pili alikuja mama Mfilipino, mpole sana, ambaye hatuna lugha ya kuzungumza naye.

Jumatano nilikwenda maktaba kwa treni, peke yangu. Nilimpa yule mzee wa mhuri karatasi niliyoiandika upya. Nimeapa kwamba tarehe 14 Juni 2002 hukuwa katika maziko ya mke wangu. Nimeapa kwamba jina lako katika daftari la matanga nililiandika mimi, nikijua kwamba hukuwepo, na kwamba ulifika siku ya nne. Akaniuliza kama yote ni kweli kwa kadiri ninavyojua. Mkono ulitetemeka hata sahihi ikavuka mstari, akasema haidhuru. Nimepeleka tamko pamoja na nakala ya ukurasa. Barua yako ya mtoni sikuipeleka. Hiyo niliandikiwa mimi. Kama watakuja kuiulizia, sitasema kwamba haipo.

Faida hajaja Jumapili mbili. Bénie alinipigia simu, akanisemesha kwa Kiswahili, kwa shida, neno moja moja, akasema, "Babu, mama analia."

Wazee wa Blacktown niliwasomea Barcelona. Mmoja akasema hayo hayafai baada ya misa. Mwingine akauliza kama kitabu kinataja majina ya waliokufa, nikasema sikuyaona. Wakaniomba nifike mwisho, nami nikafika: Jenerali mzee, hana mtoto, ameletewa taji la ufalme akalikataa, Jacinta anakufa Juni 1878, yeye Januari inayofuata. Walipiga makofi kidogo. Maisha yako sitayaandika, Katembo. Nilijaribu, nikaishia kwenye benchi.

Nataka ulijue moja, na kwa hili nakiuka amri yako. Sikufanya hivi kwa kukuchukia, wala kwa kuwa mimi ni mwema. Faida alisema kweli kuhusu mkono wangu uliokuwa hautetemeki. Nilichukua siku ya Masika, siku pekee iliyokuwa yake, nikaifanya pazia lako. Miaka yote nimemwombea misa tarehe hiyo, na kila nilipoinama nilikuona wewe umesimama kando ya kaburi, mahali ambapo hukusimama.

Hasira ya lori haitaisha kati yangu na Faida, wala shukrani ya lori haitaisha kati yangu na wewe. Zote mbili nitazibeba.

Nasikia wanaweza kukukamata na kukurudisha nyumbani wakati wowote, na hawasemi watakuweka wapi. Ukifika, waombe wakupe karatasi. Kama hutaki kuniandikia neno, usiniandikie. Andika anwani tu.

Gratien